Kadi Tuliyoiacha Wazi

Achieng alikuja kwangu Alhamisi, siku mbili kabla ya kumzika mama yake, akiwa na kurasa mbili za historia ya marehemu na bahasha ya kaki ambayo hakuitaja. Bahasha aliiweka mapajani, kurasa akanipa mimi. "Mama Profesa," akaniambia, "wewe ndiyo ulikuwa na yeye wakati wa usichana. Soma hii uone kama tumekosea mahali. Mtu wa kuchapa ananingoja hapo stendi." Nikavaa miwani. Perpetua Akoth alizaliwa Asembo, akabatizwa, akasoma, akaolewa, akapata watoto watano, akatumikia umoja wa akina mama wa kanisa. Yote sawa. Halafu, katikati ya shule na ndoa, nikakuta mstari mfupi: Marehemu hakuwahi kuajiriwa. Nikamuuliza nani kawaambia hivyo. "Hakuna mtu alituambia," akajibu Achieng. "Tulitafuta kwa karatasi zake, hatukupata kitu. Na yeye mwenyewe hiyo miaka hakuwa anaiongelea. Sasa tukasema, kama hakuna kitu, basi ni hakuna." Nilisimama nikaenda jikoni nikajifanya natafuta majani ya chai. Nililia humo kwa hasira, na hasira ile haikumhusu Achieng hata kidogo.

Nimeishi kwa kupigana na sentensi ile, kama hakuna kitu basi ni hakuna. Ukiivua kazi yangu majoho na vyeo, kinachobaki ni mwanamke aliyetumia maisha yake kuuliza kwa nini programu za kompyuta huanguka, na ni lini mtu anaweza kuitegemea programu bila kujuta. Wanafunzi wangu wananijua kwa ukali juu ya jambo moja: ole wako uniletee programu inayochukulia kwamba pasipoandikwa kitu ni sifuri. Waandishi wa magazeti wameniuliza mara nyingi nilianzia wapi kuyawaza mambo haya, nami nimewajibu kwamba nilianzia ng'ambo, katika maabara fulani, chini ya mwalimu fulani. Uongo mtupu. Nilianzia Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika chumba cha juu ya duka la vitambaa, mwaka mmoja niliofanya kazi ya kutoboa kadi nikingoja nafasi ya kwenda kusoma hisabati. Sijawahi kuuandika mwaka huo. Nauandika sasa kwa sababu aliyeweza kunisaidia kuunyamazia amekufa.

Chumba chetu kilikuwa katika mtaa unaoteremka kuelekea gati. Chini, Mhindi mmoja aliuza vitambaa, na harufu ya wanga wa nguo mpya ilipanda ngazi ikakutana na harufu ya ziwa iliyoingia dirishani. Juu tulikuwa wanne: wasichana watatu, Perpetua na mimi tukiwamo, na Bwana Njoroge, msimamizi wetu, mtu wa Murang'a aliyevaa tai hata siku ambazo joto liliyeyusha nta ya sakafu. Mashine zilikuwa kubwa kama cherehani ya fundi pamoja na meza yake, na kelele zake zilikufuata hadi nyumbani. Kila tundu lililotobolewa liliacha kipande cha karatasi kidogo kuliko punje ya mtama. Vipande vile vilituingia kwenye nywele, kwenye kola, kwenye chai. Tukirudi mtaani kwetu Nyalenda jioni wanawake wa bombani walitucheka, "Maharusi wamefika!" Perpetua alikuwa anainama na kujikung'uta kwa madaha mpaka nao wanapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naona aibu. Yeye hakuwa na aibu ya namna hiyo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Fomu zilitoka kila pembe ya mkoa: majosho ya ng'ombe, vituo vya pamba, zahanati. Mimi nilisoma fomu nikabonyeza vitufe, mashine ikatoboa tarakimu kwenye kadi. Kisha kadi zilikwenda kwa Perpetua pamoja na fomu zile zile, naye akaketi kwenye mashine ya kuhakiki, akasoma fomu upya na kubonyeza yote upya kana kwamba mimi sikuwahi kuwapo. Alichobonyeza kikilingana na matundu yangu, mashine ilikata pengo dogo kwenye ukingo wa kadi, upande wa kulia. Kisipolingana, taa nyekundu iliwaka na mashine ikagoma. Kadi yenye pengo ilifungiwa kwenye sanduku la mbao, ikapanda treni ya jioni kwenda Nairobi, ambako kompyuta ilikuwa. Sisi kompyuta hatukuwahi kuiona. Tulionyeshwa tu karatasi ndefu zilizorudi kutoka kwake, na watu walizishika kwa mikono miwili.

Bwana Njoroge alikuwa na sheria moja, na alitusomea kila Jumatatu kama sala. "Mtu wa kutoboa anaweza kosea, hata mimi nakosea. Lakini mtu wa kuhakiki akikosea, hiyo ni duka imefungwa. Sitauliza nani alitoboa. Nitauliza nani alihakiki." Ukutani alibandika karatasi yenye majina yetu, na kila taa nyekundu iliyowaka kwa sababu ya kadi yako aliiwekea alama. Mstari wangu ulikuwa mweupe. Juma baada ya juma ulibaki mweupe, na nikawa mtumwa wake. Barua ya kuniombea nafasi ya masomo ilikuwa iandikwe na Bwana Njoroge huyo huyo, naye alikuwa ameniahidi kwa kinywa chake, huku akitafuna mahindi na maharagwe yake ya mchana, ambayo kwetu huitwa nyoyo, "Nitawaandikia kwamba msichana huyu hana kosa hata moja." Perpetua akadakia, "Mwandikie pia kwamba anakuibia nyoyo yako." Bwana Njoroge akasema hiyo si nyoyo, ni githeri. "Ni nyoyo, Bwana Njoroge, ni vile tu umeitia viazi," Perpetua akasema, na hata yeye mwenye tai akacheka. Nilikuwa nimefika mahali ambapo sikuweza kuiwaza Kisumu bila kuwaza kuondoka Kisumu. Sikuwa na mpango mwingine wowote duniani.

Perpetua na mimi tuliishi chumba kimoja Nyalenda, kuta za udongo, bati juu, kitanda kimoja na godoro la sakafuni tulilopokezana kila wiki. Tulipika kwenye jiko moja na kula kutoka sahani moja, dagaa wa omena mara nyingi, na mboga ya apoth Perpetua alipopata mtu wa kumletea kutoka kwao Asembo. Ndivyo tulivyoanza kuharibu kazi. Unakulaje sahani moja na mtu, halafu saa mbili asubuhi umgeukie kama mgeni? Mwandiko wa makarani wa vijijini ulikuwa wa kutesa macho, basi Perpetua akikwama alinyanyua kichwa akaniuliza, "Risper, hii umesoma nini, tatu ama nane?" Nami nilijibu, "Tatu," naye akabonyeza tatu. Taa haikuwaka. Ulikuwa upole wa kawaida kabisa, hakuna aliyeuona kuwa kosa. Nimetumia miaka mingi, na hisabati nyingi, kuonyesha kwamba wakaguzi wawili wanaosaidiana ni mkaguzi mmoja mwenye mishahara miwili. Wenzangu walilipokea wazo hilo kama ugunduzi. Mimi nilikuwa nalikumbuka tu.

Fomu ya Asembo Bay ilikuja wakati wa masika. Zahanati zote zilijaza idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu walio kwenye dawa, na kwa idadi hiyo kompyuta ilipanga sindano ngapi na vidonge vingapi vipelekwe. Dresa wa Asembo, yaani mhudumu wa zahanati, Mzee Zakayo, alikuwa na mwandiko mzuri wa mtu wa misheni. Lakini mwezi ule, kwenye kisanduku cha idadi, hakuweka tarakimu. Aliandika maneno: Kama mwezi uliopita. Niliyatazama. Mashine yangu haikuwa na kitufe cha "kama mwezi uliopita." Nilipaswa kuirudisha fomu kwa Bwana Njoroge, naye aulize. Lakini fomu iliyorudishwa iliandikiwa maelezo, na maelezo yalichukua nusu siku, na sanduku lilikuwa liondoke jioni ile. Nikaruka kisanduku, nikaacha nafasi ile bila tundu. Nilijiambia kwamba huko Nairobi kuna watu, na watu wataelewa. Baada ya saa moja Perpetua akanyanyua kichwa. "Risper, hapa kwetu Asembo ameandika maneno. Niweke nini?" Ningeweza kusema sijui. Niliutazama ule mstari wangu mweupe ukutani. "Mimi nimeacha wazi," nikamwambia. "Na wewe acha, taa isiwake." Akaacha. Mashine ikaona tumekubaliana, ikakata pengo lake safi ukingoni mwa kadi.

Kompyuta ya Nairobi ilisoma nafasi tupu ikaiita sifuri. Asembo Bay, wagonjwa sifuri, dawa sifuri. Ingekuwa hilo tu tungeumia mwezi mmoja. Lakini mtu fulani mwenye akili, aliyetaka kubana karatasi, alikuwa ameipangia kompyuta kwamba kituo chenye sifuri kifutwe kwenye orodha, na kituo kisicho kwenye orodha hakikutumiwa fomu za mwezi unaofuata. Kwa hiyo Mzee Zakayo hakupata hata karatasi ya kusema kwamba mmekosea. Lori la dawa lilipita njia yake, likashusha kwingine, likarudi. Sisi tuliendelea kula omena zetu. Karatasi ndefu ilirudi Kisumu ikiwa na Asembo na sifuri yake, Bwana Njoroge akaipitisha mbele ya macho yake, akaitia sahihi. Sijui hata kama mimi niliitazama. Mwezi uliofuata Asembo haikuwamo kabisa, na kitu kisichokuwamo hakigusi jicho la mtu.

Barua ilifika kiangazi kilipoanza. Kazi ya kupokea barua ilikuwa yangu pia, na kwa mazoea niliigonga muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe kabla ya kuisoma. Ilitoka kwa Mwalimu Nashon, aliyemfundisha Perpetua darasa la nne, na ambaye sasa alikuwa mgonjwa pale Asembo. Naikumbuka yote, kwa sababu haikuwa ndefu. "Kwa Mkuu wa Ofisi. Bwana, bohari imetuonyesha karatasi yenu inayosema hapa hakuna mgonjwa. Sisi tuko. Tuko thelathini na mmoja, nami ninayeandika ni mmoja wao. Dawa imekwisha kabisa. Tafadhali mtuhesabu." Hatua tatu kutoka pale, Bwana Njoroge alikuwa anapiga taipu barua yangu ya masomo, nikisikia kila herufi ikigonga. Nikaikunja barua ya Mwalimu, nikaitia kwenye droo yangu, chini ya kitambaa cha kufutia mashine. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua ninachofanya. Nataka hilo lieleweke.

Nilijiambia nitalirekebisha bila mtu kujua, na nilihangaika kweli, nisijipunje hapo. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilitoboa kadi mpya: nambari ya Asembo, wagonjwa thelathini na mmoja. Halafu nikahamia mashine ya Perpetua nikaihakiki mwenyewe, mkono ule ule ukijisifia mwenyewe, mashine ikakata pengo bila kunung'unika. Nikaichomeka katikati ya kadi za zahanati. Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilihesabu safari za treni. Kila karatasi iliyotoka Nairobi niliifikia kwanza, mpaka Perpetua akanitania kwamba nimepata bwana wa reli. Siku ya kumi na moja kadi yangu ilirudi kwenye furushi la kadi zilizokataliwa, imebanwa na kikaratasi chenye maneno mawili: KITUO HAKIPO. Nilikaa na kadi ile mkononi nikaona sina mbele wala nyuma. Mashine niliyoidanganya kwa uvivu haikukubali kudanganywa kwa wema.

Jumamosi hiyo Perpetua alisema anakwenda kumsalimia Mwalimu wake, maana amesikia hali si nzuri, na nikashindwa kupata sababu ya kukataa kumsindikiza. Hakujua lolote, au nilidhani hajui. Tuliwakuta wagonjwa wamekaa kwenye benchi nje ya zahanati, wengine chini, wakiota jua. Mke wa mmoja wao alituletea ugali na samaki, ngege wa kuchemsha, sahani yetu peke yetu, na Mwalimu Nashon akainuka na kiti chake akakihamishia upande upepo unakoelekea, asitukoholee. Alikuwa mifupa na shati. Perpetua akamuuliza mbona amekonda hivi na dawa zipo. Mzee Zakayo ndiye aliyejibu, akatuonyesha kabati la dawa, tupu, limepanguswa vumbi. "Karatasi yenu ilisema hapa hakuna mgonjwa. Nyathina, mwanangu, mimi niliandika. Kama mwezi uliopita. Walikuwa wale wale thelathini na mmoja! Mtu si mbuzi ya mnada, umhesabu kila mwezi mpaka umwitie mkosi." Perpetua aliweka tonge lake chini. Nilimwona akikumbuka. Mwalimu Nashon akauliza polepole, kwa sababu pumzi ilikuwa haimtoshi, "Na barua yangu, wasichana? Haikufika?" Perpetua akanigeukia mimi, kwa kuwa barua zote zilipitia kwangu. "Haijafika, Mwalimu," nikasema. Akatikisa kichwa, akasema basi posta imelala, akataka kucheka, kikohozi kikamshika kikamkunja mpaka yule mama akaja kumshika mabega. Yule ngege nilimmaliza. Niliona ni aibu kumwacha.

Tulirudi Nyalenda jioni, tukapika. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mwenye nyumba, Mama Auma, akimwambia mumewe, "Hawa nyiri, wasichana wetu, wamekosana? Leo hata hakuna kelele." Mumewe akajibu kwamba labda wamechoka. Nililala kwenye godoro la chini, na nilitaka Perpetua aniulize. Nilikuwa nimejiapia kwamba akiniuliza nitasema. Hakuniuliza. Nimejitetea kwa jambo hilo miaka na miaka, kwamba hakuniuliza, na utetezi huo hauna mguu hata mmoja.

Jumatatu asubuhi, Bwana Njoroge alipomaliza kutusomea sheria yake, Perpetua alisimama. "Bwana Njoroge, Asembo Bay si sifuri. Kuna watu thelathini na moja na wanakufa. Mimi nilihakiki vibaya." Bwana Njoroge alimwambia hiyo haiwezekani, kadi zote zina pengo, mashine zilikubaliana. "Zilikubaliana kuacha wazi," Perpetua akasema. Akamweleza ya Mzee Zakayo. Nilimwona Bwana Njoroge akijaribu kutafuta mlango. Alikuwa mtu mwenye huruma, na alijua kwamba ili Asembo irudishwe kwenye orodha ilibidi ajaze fomu ya masahihisho yenye jina la aliyekosa na hatua iliyochukuliwa. "Mlikuwa wawili?" akauliza. "Kuna mtu alikuambia uache?" Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao. Mikono yangu ilikuwa juu ya vitufe. "Mimi ndiyo niliwekwa kushika makosa," Perpetua akamjibu. "Mimi peke yangu." Nami nikaendelea kutoboa. Ilikuwa fomu ya josho la ng'ombe la Awasi, na niliimaliza kadi nzima, safu zote themanini, bila kosa.

Aliachishwa siku ile ile. Bwana Njoroge alimshikia mzigo mpaka chini kwenye duka la vitambaa na kurudi macho mekundu, na jioni hakuenda kwake mpaka alipohakikisha ile fomu ya masahihisho imepanda treni. Nyalenda, Perpetua alifunga nguo zake kwenye kanga, akaniambia, "Jiko nakuachia. Makaa yako chini ya kitanda." Nilisema, "Perpetua." Akasema basi litamwacha. Asubuhi niliwahi kazini kabla ya wote ili nichome barua ya Mwalimu. Droo ilikuwa na kitambaa tu. Niliamini Bwana Njoroge anayo, na kwamba siku moja ataitoa mbele ya watu, na wiki zote zilizobaki kila aliponiita jina nilidhani ndiyo leo. Hakuitoa. Dawa ilifika Asembo baada ya fomu kuzunguka Nairobi meza hadi meza, na ilipofika Mwalimu Nashon alikuwa hawezi tena kukaa kwenye benchi. Alizikwa Agosti. Wangapi wengine, sikuuliza. Mimi, mwanamke wa takwimu, sikuuliza, na mpaka leo sina idadi hiyo. Septemba nilipanda ndege na barua iliyosema sina kosa hata moja.

Nilisoma, nikafundisha, nikaandika. Nimejenga mifumo ya hospitali inayokataa katakata kusonga mbele ikikuta kisanduku kitupu, na madaktari wamenitukana kwa sababu yake. Katika makala zangu za mwanzo kuna mfano wa "waendeshaji wawili" wanaoafikiana makosa. Sikuwapa majina. Perpetua nilikuwa nakutana naye, usidhani hatukukutana: harusini, kanisani, mara mbili hospitalini. Alinitumia omena ya Asembo kwenye kikapu kila alipopata mtu wa kuja mjini. Aliniita Profesa huku akinicheka, na kuniuliza kama siku hizi kompyuta zimejua kusoma mwandiko wa Mzee Zakayo. Hapo alikuwa ananifungulia mlango upana wake wote. Nilicheka naye, nikabadilisha mazungumzo. Nilijua kutafuta kosa ndani ya mistari elfu ya programu ya mtu mwingine, lakini sentensi moja yenye maneno manne, Perpetua, kosa lilikuwa langu, ilinishinda kuitoa mdomoni.

Nilirudi kutoka jikoni na chai, Achieng akainua ile bahasha. "Kuna hii pia. Ilikuwa ndani ya Biblia yake. Sijui ni ya nani, sijui ilimfikaje." Niliujua mwandiko kabla sijaifungua. Sisi tuko. Tuko thelathini na mmoja. Muhuri wangu wa "Imepokelewa" ulikuwa pale juu, na tarehe yake, siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi ile nilipomwambia Mwalimu kwamba haijafika. Perpetua aliitoa kwenye droo yangu kabla hajashuka zile ngazi, ili asiwepo mtu mwingine wa kuikuta. "Hapa panya amekula kidogo," Achieng akasema, akinionyesha ukingo wa kulia wa karatasi. Hakuwa panya. Lilikuwa pengo dogo, lililokatwa kwa mkasi, nusu duara safi, mahali pale pale mashine yake ilipokuwa inakata. Aliisoma, akalinganisha na nilichosema mimi, akahakiki. Alijua wakati wote alioniletea omena.

Nilichukua kalamu, nikaukata ule mstari wa hakuwahi kuajiriwa, nikaandika juu yake: Alifanya kazi Kisumu, mhakiki wa kadi, akaachishwa kwa kosa la Risper, ambaye alinyamaza. Achieng aliisoma mara mbili. Nilimweleza yote, kama nilivyoyaeleza hapa, na chai ikapoa. Mtu wa kuchapa alipiga simu, Achieng hakuipokea. Mwishoni akaniuliza, kwa sauti ya mama yake kabisa, "Na ulimwomba msamaha?"

"Sikumwomba," nikamwambia.

Akanirudishia ile karatasi na kalamu. "Basi na hiyo andika."